Kindi mwekundu au vayoleti ya Usambara: kipi cha chumbani, kipi cha kufuatwa msituni?

Wiki mbili zilizopita binti wa kaka yangu, anayekaa ghorofa ya tatu Dar es Salaam, alinitumia video ya kindi akila karanga kiganjani mwa mtu. Chini yake akaandika: "Shangazi shikamoo. Mjukuu wako anataka huyu. Kuna mtu anasema anaweza kutuletea kutoka huko kwenu Muheza. Au nimchukulie lile ua lako la dirishani? Niambie kipi hakitanisumbua."

Nilicheka kwanza. Mnyama na ua, unalinganishaje? Halafu nikakaa nalo lile swali, nikaona lina maana kuliko alivyodhani mwenyewe. Vyote viwili ni wenyeji wa msitu mmoja, ule ulioko juu yetu hapa Usambara Mashariki. Vyote watu huvitaka kwa sababu ileile, uzuri na udogo. Kimoja kimejaa tele kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini, kingine kimebaki kwenye miamba ya Tanzania na Kenya tu, tena kwa mafungu. La ajabu ni kwamba kilicho haba ndicho unachoweza kukaa nacho chumbani bila kumdhuru mtu, na kilicho tele ndicho hakikufai kabisa. Nikamjibu kwa ujumbe mrefu, na huu ndio ujumbe wenyewe nilioupanua, maana najua si yeye peke yake anayeulizia.

Tuelewane tunaongelea nini

Kindi wako wengi. Pwani utasikia pia kidiri na kuchakuro, na watu hubishana mpaka chai inapoa kama ni mnyama mmoja au watatu. Hapa namaanisha mmoja tu: yule mwenye tumbo, miguu na mkia wa rangi ya kutu, mgongo wa kijivu cheusi chenye madoadoa, anayeitwa na wataalamu Paraxerus palliatus. Mwili wake ni kama sentimita 20, mkia nao karibu urefu huohuo, uzito gramu 200 hadi 400 hivi. Anaonekana Jozani kule Unguja, anaonekana Arabuko-Sokoke na Shimba Hills kwa ndugu zetu wa Kenya, na huku kwetu hata nyuma ya jiko ukiwa na mwembe mkubwa.

Ua nalo naliita vayoleti ya Usambara, ingawa si ukoo wa vayoleti hata kidogo. Wazungu waliona rangi wakakimbilia jina. Kwa kitaalamu limekuwa likiitwa Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 wataalamu waliihamishia saintpaulia yote ndani ya jenasi ya Streptocarpus, lakini vitaluni hakuna aliyejisumbua kubadilisha, bado ni saintpaulia. Ni mmea mfupi, majani yake ya manyoya yamejipanga kwenye duara kama sahani, na katikati yanainuka maua ya zambarau-bluu yenye vifuko viwili vya manjano. Ukiwa na subira, chukua maua mawili uyatazame kwa karibu: ule uzi mwembamba unaochomoza katikati, kwenye ua hili umepinda kushoto, kwenye lile umepinda kulia. Asali hakuna. Nyuki anayekuja anafuata chavua tu iliyomo kwenye vile vifuko vya manjano, na kupinda huko kunasaidia chavua ya ua moja ifike kwenye ua lingine.

Chumbani: kindi

Hapa sina haja ya kusoma popote, nimeishi naye. Tulipokuwa wadogo kaka yangu, baba yake huyo binti, alimnasa kindi kwenye mti wa mchungwa kwa kutumia tenga na kipande cha muhogo. Tukamweka kwenye tundu la kuku lililosukwa kwa mianzi. Usiku wa kwanza alikuwa kimya, tukasema kazoea. Kulipokucha tulisikia kru-kru-kru isiyokoma, na kabla chai haijachemka alikuwa ameshakata fito mbili za mwanzi na kutoa kichwa nje. Kaka akaingiza mkono kumrudisha ndani. Mpaka leo kwenye kidole gumba cha kulia ana alama mbili ndogo, moja kila upande wa ukucha, maana meno yalikutana. Mwambie baba yako akuoneshe.

Hakuwa kindi mkorofi. Meno ya mbele ya kindi hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo ni lazima agugune kitu kila siku ili yasimzidi. Msituni anaguguna makokwa na magome. Kwenye ghorofa ya tatu ataguguna miguu ya meza, fremu ya dirisha na waya wa friji. Na hizo karanga za kwenye video ndizo zitakazommaliza. Kindi wanaofugwa kwa karanga na mbegu za alizeti hukosa madini ya kujenga mifupa, mifupa hulegea na kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi. Anahitaji matunda, mbegu za namna nyingi, wadudu, majani machanga. Wewe utayatoa wapi Dar?

Halafu kuna tabia yake. Ni mnyama wa mchana, anayeamka na jua na kuzunguka eneo lake akikagua kila tawi, aidha peke yake au na mwenzake. Hakai mapajani. Yule wa kwenye video ama alichukuliwa angali mchanga kabla macho hayajafumbuka, ama amechoka kuogopa. Jike huzaa mtoto mmoja au wawili tu kwa mara moja, baada ya mimba ya miezi miwili hivi. Anayekuuzia mmoja, basi pengine kabeba uzazi mzima.

Na sheria hukuiuliza, nitakuambia. Kindi si tembo, hakuna anayemwimbia, lakini ni mnyamapori. Tanzania, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kumkamata au kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa, na Kenya wana sheria yao ya 2013 isiyocheka na mtu pia. Huyo "mtu anayeweza kutuletea" kama hakukutajia kibali, anakuletea kesi kwenye kikapu.

Kwa hiyo kwa chumbani nimemaliza: kindi hapana. Sitaki hata kumlinganisha vipengele kumi, moja hilo latosha.

Chumbani: vayoleti

Hii nayo ina masharti yake, ila ni masharti ya mmea, kukuuma hauwezi. Nitaeleza kwa kirefu kwa sababu watu wengi hupewa jani, likafa, wakasema mkono wao ni mbaya. Mara nyingi kosa ni maji.

Jani ndilo mbegu yako. Huhitaji kununua mche; omba kwa mwenye nalo jani moja la katikati, si la nje kabisa lililozeeka wala la ndani lililo changa. Likate pamoja na kikonyo chake, kiwe na urefu wa sentimita 3 au 4, ukate mshazari kwa wembe safi. Litie kwenye glasi yenye maji kidogo, kikonyo kiguse maji na jani lenyewe lisiguse; mimi hufunika glasi kwa karatasi ya nailoni niliyoitoboa katikati. Au lichomeke kwenye mchanga mbichi. Baada ya wiki tatu mpaka tano utaona mizizi kama nyuzi nyeupe. Ukilihamishia kwenye udongo, subiri. Miezi miwili au mitatu utaona vijani vidogo kama masikio ya panya vikichungulia pale kikonyo kinapoingia udongoni. Hapo ndipo watoto hupiga kelele. Maua huja baadaye, ukilipatia vizuri ni miezi sita hadi tisa tangu ulipokata jani.

Udongo usiwe wa shambani mzito. Mimi huchanganya mboji iliyochekechwa, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na mchanga wa mto, viwe vyepesi kiasi kwamba ukifinya havishikani. Chungu kiwe kidogo, sentimita 8 au 10 mdomoni, chenye tundu chini. Chungu kikubwa ni kosa la upendo. Mizizi yake ni michache, udongo uliobaki hukaa na maji na kuiozesha.

Maji sasa. Usimwagie juu. Matone ya maji baridi yakitua kwenye yale majani ya manyoya huacha madoa ya duara yaliyopauka, na hayafutiki mpaka jani lenyewe life. Weka maji yaliyokaa ndani ya nyumba usiku mzima kwenye kisahani, kalisha chungu humo nusu saa, kiasi kinachobaki mwaga. Rudia pale tu udongo wa juu unapokuwa mkavu kwenye kidole. Vumbi kwenye majani lifagie kwa brashi laini ya kupaka rangi, usifute kwa kitambaa.

Mwanga: dirisha la mashariki, jua la asubuhi lililochujwa na pazia. Jua la saa saba mchana hulichoma. Na hapa lazima niseme kweli kwa mtu wa Dar. Joto linalolipendeza ni nyuzi 18 hadi 24 hivi. Mwezi Februari chumba chenu kikipita nyuzi 30 litanuna: majani yatakuwepo, maua hapana. Ukiwa Lushoto, Arusha, Iringa au Nairobi litachanua karibu mwaka mzima bila jasho. Dar utapata maua zaidi kuanzia Juni mpaka Septemba, na miezi mingine utakuwa na sahani ya majani ya kijani tu, ambayo si mbaya. Ukiona vidudu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani, vitoe kimoja kimoja kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa spiriti, na chungu kile ukitenge.

Mtoto akila jani hadhuriki, na paka vilevile. Ni moja ya mimea ya chumbani isiyo na sumu kwao. Hilo kwangu ni jambo kubwa kuliko ua lenyewe.

Ila lile la dirishani si lile la mwambani

Nikaona nimweleze hili mapema asije akadhani kwa kununua chungu kimoja ameokoa msitu.

Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuwa ofisa wa kikoloni huku Tanga. Kabla ya habari ya maua alikuwa ameshaandika kitabu cha kuwafundisha Wajerumani wenzake Kiswahili, kilichotoka mwaka 1890. Jambo ambalo wapenda maua wa Ulaya hawalisemi na mimi hunifurahisha kuliko yote. Alipolikuta ua hili akampelekea baba yake Ujerumani. Huko likafika kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, ambaye mwaka 1893 alilipa jina: Saintpaulia kwa heshima ya ukoo huo, na ionantha, kwa Kigiriki, lenye maua kama ya vayoleti. Mwaka huohuo likaoneshwa Ghent, Ubelgiji. Miaka ya 1920 kitalu cha Armacost & Royston cha Los Angeles kiliagiza mbegu, kikaotesha, kikachagua aina kumi zilizopendeza na kuziuza. Kufikia 1946 Wamarekani walikuwa na chama kizima cha wapenzi wa ua hili. Leo lina aina zisizohesabika: waridi, jeupe, la pindo la kijani, la maua yaliyosongamana kama kabichi.

Hayo yote yametoka kwenye mbegu chache. Ni kama ukoo wenye wajukuu elfu waliotokana na babu mmoja. Ni wengi, lakini damu ni ileile, tena imechanganywa na kuchujwa kwa ajili ya kupendeza tu. Wale wa msituni ndio wenye aina halisi. Kuna wa Usambara wenyewe kwa namna kadhaa, wa Uluguru, wa Nguru. Kenya kuna mmoja ambaye makazi yake ni mlima wa Mbololo tu kule Taita, na mwingine wa miamba ya chokaa ya Kilifi, sehemu kama Cha Simba. Kila fungu limekaa kwenye mwamba wake kama familia iliyojenga na haihami.

Nani yuko hatarini, na kwa nini si yule unayemdhania

Mtu akisikia "yuko hatarini" hufikiria mnyama kwanza. Hapa ni kinyume. Kindi mwekundu kwenye orodha za kimataifa hayumo kabisa miongoni mwa wanaotia wasiwasi. Ukikata msitu anahamia kwenye kichaka, ukikata kichaka anahamia kwenye mikorosho. Ana miguu minne na akili ya kubadilisha chakula.

Vayoleti haina pa kwenda. Inaishi juu ya mwamba wenye kuvumwani, ile mimea laini inayotanda juu ya mawe kama zulia, kwenye kivuli, karibu na kijito au pale ukungu unapotua kila asubuhi. Udongo ulio chini yake ni wa kujaza kiganja. Kinachoiweka hai ni majani ya miti iliyo mita 30 juu yake. Mkikata ile miti, hata mwamba wenyewe msipougusa, jua linaufikia, kuvumwani inakauka na kubanduka kama rangi kuukuu, na vayoleti inaondoka nayo kiangazi kimoja tu. Hakuna aliyeing'oa, hakuna wa kushtakiwa, na haipo.

Huku kwetu kwa miaka mingi iliki ililimwa chini ya miti mikubwa. Ukiangalia kwa mbali unaona msitu umesimama. Ukiingia unakuta chini pamefyekwa, hakuna mche wa kurithi nafasi ya mti mzee. Mbao, kuni, na chai vimechukua sehemu yake. Kule pwani kwenye chokaa, mwamba wenyewe ni mali, unachimbwa. Na wapo wanaobandua mmea kwa kisu wakampelekee mgeni. Huo haukai: umezoea unyevu ule, ukifika mjini haukawii kufa, wakati jani la jirani lingempa ua la kuchanua bure.

Kindi hapa ana sifa yake, nimpe haki. Matunda yakiwa mengi haweki ghalani pamoja kama panya. Huchukua kokwa moja, hushuka, hufukua, hufukia, hupiga pua mara mbili juu yake kama anayegonga muhuri, na kwenda kufukia lingine kwingine. Mengine huyarudia, mengine huyasahau, na yaliyosahaulika huota. Miti mikubwa yenye mbegu nzito isiyobebwa na upepo inahitaji mtu wa kuihamisha kutoka chini ya mama yake. Wakulima hawamwimbii sifa, maana hata mahindi uliyoyapanda jana huyafukua kwa ufundi uleule. Mama yangu alikuwa akiloweka mbegu kwenye majivu kabla ya kupanda, akidai kindi hapendi ladha. Sikuwahi kuona kindi akijali.

Una asubuhi moja Amani

Binti akajibu: basi chumbani ua, nimekubali. Ila likizo tunakuja, na tuna asubuhi moja tu ya kupanda msituni, mume wangu anarudi kazini. Tufuate kipi?

Hili ndilo swali gumu kuliko la kwanza.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake Tanzania, ina hekta 8,380 hivi na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kutoka Muheza mjini ni kilomita thelathini na kitu, nyingi za vumbi, na masika za matope. Unafikia kwanza Zigi, ambapo nyumba ya zamani ya msimamizi wa stesheni ya reli ya Wajerumani imegeuzwa kituo cha wageni. Hapo unalipia na kuchukua mwongozaji. Mchukue. Barabara ikiendelea kupanda utafika Amani yenyewe, walikoanzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902 na bustani yao ya mimea, ambayo miti yake mingine ya kigeni imekwisha kutorokea msituni, hadithi ya siku nyingine.

Kindi anatafutwa kwa masikio. Kaeni chini ya mti wenye matunda saa moja asubuhi, msiongee. Kwanza mtasikia maganda yakidondoka kwenye majani makavu, tap, tap, kama mvua ya kwanza iliyositasita. Kisha mlio wa haraka wa kugonga ulimi, na mkia mwekundu ukipepewa. Akiwaona atashuka kichwa chini kwenye shina, atasimama, atawatukana, atapanda tena. Kwa mtoto wa miaka minane hiyo ni sinema. Ikifika saa nne joto likipanda anatulia, na mtaweza kuzunguka mpaka adhuhuri msimwone. Na ipo siku hatokei kabisa. Juu zaidi milimani kuna kindi wa aina nyingine pia, wa rangi iliyopoa, mwongozaji atawatofautishia.

Vayoleti haitegemei bahati, mradi uwe na anayejua mwamba. Ipo saa yoyote. Maua ndiyo yana msimu: baada ya masika na baada ya vuli ndiyo nafasi nzuri. Lakini nikuandae: wengi wakifika huuliza, "Ndiyo hii?" Ni ndogo. Maua ya msituni ni machache, manne au matano, si shada kama la kwangu dirishani. Majani mengine yametobolewa na konokono. Unachokiona si ua, ni mahali: mwamba mweusi unaochuruzika, kuvumwani, baridi inayokugusa kifundo cha mguu, na katikati ya giza lile kitu cha zambarau. Mimi niliyekuwa na vyungu kumi na viwili nyumbani niliinama pale mara ya kwanza nikajiona nimekuwa nikifuga picha.

Kwa hiyo: kama una asubuhi moja na huna mtoto, nenda kwa vayoleti, bila kusita. Kindi utamkuta Jozani ukienda kutembea Unguja, utamkuta kwenye mwembe wangu ukishuka. Vayoleti kwenye mwamba wake haiko Dar, haiko Zanzibar, haiko kwenye duka lolote la maua duniani.

Ukiwa na mtoto, panga hivi. Fikeni Zigi mapema kadiri mnavyoweza, muda wa baridi mpeni kindi, maana yeye hasubiri mtu. Saa tatu na nusu, mkishamwona au mkishakata tamaa, mwambieni mwongozaji awapeleke kwenye mwamba. Ile itakuwepo tu. Mtoto akiwa ameshatulizwa na mkia mwekundu atakuwa na subira ya kuinamia jani. Mkianza na mwamba atawasumbua njia nzima kuuliza kindi yuko wapi.

Asiguse mmea, na asije na kijiko. Nimeona mama mmoja, mtu mzima mwenye mkoba mzuri, akichomoa kijiko cha chai kwenye mkoba huohuo. Mwongozaji alimtazama tu, akakirudisha. Kuondoa mmea hifadhini ni kosa kisheria, na jani utalipata kwangu.

Na wenye uwanja

Kama huna chumba bali una uwanja, shule yenye miti kwa mfano, basi swali linageuka. Kindi hafugwi, anakaribishwa. Uacheni mti mmoja mzee wenye shimo, asikate mtu eti umekauka tawi moja. Humo ndimo hutandika majani na kuzaa. Pandeni mkuyu. Msimwekee karanga. Vayoleti uwanjani haifai, jua litaiua, labda kwenye baraza lenye kivuli siku nzima. Wanafunzi wapewe jani moja moja kwenye makopo ya maziwa yaliyotobolewa, watajifunza kuhesabu wiki.

Haya, mwanangu. Jani nimeshakukatia, liko kwenye glasi, mizizi itakuwa tayari mtakapokuja. Leteni viatu vya kushika matope, sweta la mtoto, na darubini ya baba yako kama bado inafungua. Machungwa ya Muheza msinunue mkipanda, nunueni mkishuka, msije mkabeba gunia mlimani kwa bure.